Sura ya Saba: Sijasema Kitu, Baba

Pikipiki za wakwe zilianza kusikika zikiwa bado ng'ambo ya mto, na mimi bibi-harusi mtarajiwa nilikuwa nimechuchumaa jikoni na kitambaa mkononi, nikikanda jicho la yaya Marguerite. Hiyo ndiyo siku yangu ya mahari. Siku niliyoipigania mwaka mzima, nikagombana na mama, nikanuniwa na shangazi zangu wote wa Kabambare, mpaka baba akachoka akasema haya, huyo Mwislamu wako wa Kasongo na aje tumwone. Sasa alikuwa anakuja, na maji ya kukandia yalikuwa yamenimwagikia kwenye kitenge kipya.

Yaya Marguerite ni dada yangu mkubwa, tumetoka tumbo moja. Aliolewa Lusangi, kwa bwana mmoja wa machimbo ya dhahabu, mtu mwenye mikono mizito, na jina lake sitalitaja hapa kwa sababu halistahili. Yaya alivumilia, akavumilia, halafu siku moja akaondoka na nguo alizovaa. Tulimficha Kasongo mjini. Akabadili namba ya simu, akaanza kuuza mafuta ya mawese sokoni. Mahali alipolala tulipajua mimi na baba tu. Hata Faradji wangu sikumwambia. Siri ya mtu aliyekimbia kipigo huigawi kwa mchumba, hata umpende vipi.

Asubuhi ile yaya alishuka kwenye pikipiki amejifunika kitenge mpaka puani, matope mpaka magotini. Nikadhani amekuja kunishangilia. Alipojifunua nikaliona lile jicho.

"Aliniona mu telefone," alisema. "Foto yangu, namba yangu, na fasi ninakaaka pale sokoni. Mutu alimuonyesha kule Lusangi. Akakuja."

Nilimuuliza foto gani, wakati hata kioo alikuwa anakikwepa. Akanieleza. Wiki ile niliyoondoka Kasongo nikatangulia huku Kabambare kujiandaa, kijana mmoja alipita sokoni Kasongo na simu yake, mcheshi, anawapiga picha wauzaji ili awaweke mtandaoni na namba zao na mahali wanapokaa, watu wa Kindu na Kalemie wawapigie na kununua. Aliuliza kwa sauti kubwa, nani hataki? Wanawake wakacheka, wengine wakajipanga vizuri vitambaa vya kichwa. Yaya aliinamisha uso akanyamaza, akifikiri ataachwa. Hakuachwa; hata namba kijana aliisoma kwenye chupa za mafuta. Yule bwana alipokuja, wauza samaki ndio waliomtoa mikononi mwake, na yaya akaacha mafuta pale pale akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona.

"Paje yake inaitwa namna gani?" niliuliza, na moyo ulikuwa umeshajua.

"Soko Yetu Maniema."

Nilikaa chini kwenye kinu. Yaya akaniuliza kama ninamjua huyo kijana. Kabla sijamjibu, uani pikipiki zilikuwa zinazimwa moja moja, na wanawake walikuwa wameanza kuimba wakimpokea.

Ukurasa wa Soko Yetu Maniema ni wa Faradji.

Ngoja niseme ukweli wote, nisije nikamfanya shetani. Ule ukurasa ulisaidia watu. Wazee wa kule Wamaza waliokuwa wanauza mpunga kwa bei ya kutupa sasa walikuwa wanapigiwa simu kutoka Kindu. Nilijivuna naye. Na tulikutana kwa sababu ya ukurasa huohuo. Mimi nimesoma sheria, nafanya kazi Kasongo kwa Maître Octave, mtetezi wa watu mahakamani. Siku moja Faradji aliingia pale ofisini kuuliza: serikali imetoa sheria ya numerike, ya mambo ya mtandao, je, mtu mwenye biashara ya mtandao anatakiwa kujitangaza wapi, na kufuata nini? Maître alikuwa na wageni, akanisukumia mimi. Nikamsomea. Ninasoma sheria, yeye haangalii karatasi, anaangalia mdomo wangu. Nilipofika mahali pa picha na namba za watu nikakazia: hizo ni mali ya mwenyewe, lazima umwombe, ajue zinakwenda wapi, aseme ndiyo kwa kinywa chake, na akisema toa, unatoa.

Akacheka kile kicheko chake cha upande. Akasema, Jeannette, kwenu Kabambare hata bibi-harusi hasemi ndiyo. Ananyamaza, shangazi wanapiga vigelegele, mbuzi wanachinjwa. Sasa mimi nimuulize muuza mihogo kwa karatasi? Asiyekataa, mimi nimemhesabu amekubali.

Nami nilicheka. Nani asingecheka, akichekewa na mtu yule? Lakini nilimrudia kwa jambo hilo mara ya pili, na ya tatu, na kila mara akaniahidi kesho.

Basi shangazi Marcelline, mdogo wake baba, aliingia jikoni na kile kitenge cha kunifunika. Alishangaa kumwona yaya. Akaona jicho, akafumba mdomo kwa kiganja, akamwambia ajifiche chumbani kwa mama. Halafu akanitazama mimi akasema tu, "Twende, watu wanangoja." Nilitaka kusema nipe dakika. Hakunipa. Akanifunika kichwa na uso, akanishika kiwiko.

Uani walikuwa wametandika turubai la parokia. Upande mmoja baba na ndugu zake, upande wa pili wageni wa Kasongo: Mzee Moussa, baba mdogo wa Faradji, amevaa kanzu iliyorukiwa matope ya njia nzima, na wengine ambao sikuwajua. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye mguu wa kiti. Kulikuwa na vitenge, chumvi, jembe jipya, sukari. Kupitia uwazi wa kitambaa nilimwona Faradji. Alikuwa amenyoa vizuri, shati jeupe, na macho yake yalikuwa yananitafuta chini ya kile kitenge. Alipoyapata yangu akatabasamu kidogo tu, kwa heshima ya wazee. Jamani, nilimpenda. Nilimpenda na nilitaka kumrukia nimparue, vyote kwa pamoja, na sikujua kipi kitatangulia.

Kwetu ni hivi. Baba anamuuliza msichana mbele ya watu wote: hawa wageni unawajua? Tupokee mali yao? Na msichana mwenye malezi hajibu. Anatazama chini. Ukisema ndiyo kwa haraka watu watasema una njaa ya mume. Kwa hiyo unanyamaza, shangazi wanakusemea kwa vigelegele, mambo yameisha. Wiki nzima shangazi Marcelline alikuwa ananifundisha namna ya kuona haya, jinsi ya kukunja vidole, maana alisema mimi macho yangu ni makavu mno kwa bibi-harusi.

Baba alisimama. Akaniuliza.

Nami nikanyamaza. Si kwa haya. Nilikuwa namwona yaya sokoni, ameinamisha uso nyuma ya chupa za mafuta, anangoja kijana mwenye simu apite. Nikasikia vigelegele vinalipuka juu ya kichwa changu, mtu ananipiga mgongoni kwa furaha, Mzee Moussa anainuka na kamba ya mbuzi mkononi ampe baba.

"Baba," nilisema. "Miye sijasema kitu."

Vigelegele vilikatika. Mzee Moussa alibaki ameishika ile kamba nusu ya njia. Baba alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, mimi si nimenyamaza? Nikamwambia ndiyo, nimenyamaza, lakini sijasema kitu, naye asipokee bado. Nikaomba niseme na Faradji kwanza. Minong'ono ikapita kama nyuki. Kwa kona ya jicho nikamwona mama amekaa wima ghafla. Yeye hakuwahi kumtaka huyu mkwe, na uso wake ulifunguka kabisa. Baba alimtazama mama, akanitazama mimi, akatoa ruhusa. Ila shangazi Marcelline aende nasi.

Tulisimama nyuma ya jiko, kwenye kichanja cha vyombo. Shangazi alijitenga kidogo akajifanya anapanga masufuria. Faradji alikuwa amepauka.

"Jeannette, kuna nini? Mama yako amekataa tena?"

Nilifunua uso. Nikamuuliza kama anakumbuka alivyopiga picha soko la Kasongo wiki ile, na mama mmoja wa mafuta ya mawese, kitenge cha kijani, aliyeinamisha kichwa. Nilimwona anamtafuta yule mama akilini, hampati. Hilo liliniumiza kuliko yote yaliyotangulia.

"Iko wengi," alisema. "Simukumbuki."

"Miye namukumbuka. Ni yaya yangu, tumbo moja. Alikuwa anamukimbia bwana yake. Bwana akaona foto yako, akasoma namba, akasoma fasi anakaa. Akamukuta pale pale umeandika."

Faradji akakaa juu ya gogo la kuni na lile shati lake jeupe. Akauliza kama yaya yuko mzima. Nikamwambia yuko mzima, yuko ndani ya nyumba hii, jicho moja halifunguki. Akajifunika uso kwa mikono. Mkono wangu ulitaka kwenda begani kwake wenyewe, nikauficha ndani ya kitenge.

"Haukuniambia una yaya Kasongo."

"Ningekuambia ili iwe nini? Umuache yeye peke yake, wengine uwapige?"

"Niliuliza, Jeannette. Mungu ananiona. Niliuliza nani hataki. Hakuna mutu alisema kitu."

"Aseme namna gani? Asimame katikati ya soko aseme munisamehe, miye namukimbia bwana yangu, musinipige foto?"

Shangazi alidondosha kifuniko, akakiokota bila kutugeukia. Faradji akainuka, akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Pale kwetu hakuna rezo ya simu, lazima upande mpaka kilimani kule juu ya misheni. Akaniapia kwamba akifika penye rezo tu ataiondoa picha ya yaya, leo hii, kabla ya jua kuzama.

Nikamuuliza na wengine je.

Hapo ndipo alianza kuzunguka. Akanieleza habari ambayo alikuwa ameniwekea kama zawadi ya siku ya leo. Kampuni moja ya Goma inataka kuuchukua ukurasa wake, imweke yeye kuwa mkubwa wa Maniema yote. Wanataka wauzaji wengi, sura nyingi, namba nyingi. Nyumba yetu ya Kasongo iko humo, alisema, na maisha ambayo baba yako anayaulizia yako humo. Sasa akirudi nyuma kumuuliza kila mtu mmoja mmoja, nusu yao watakataa, na Goma hawatataka tena.

"Kumbe unajua nusu watakataa," nilisema.

Akanitazama tu. Nilisikia mbuzi kule uani, na mtoto wa jirani analia.

"Umenyamaza, Faradji. Sasa nikuhesabu umekubali nini?"

"Usinifanyie hivyo."

"Ni weye ulinifundisha."

Alimeza mate. Akanisogelea, karibu zaidi kuliko shangazi alivyopaswa kuruhusu, mpaka nikasikia harufu ya sabuni na petroli kwenye shati lake. Akaniuliza kama bado ninampenda. Nikamwambia ninampenda, tena hilo ndilo linalonichoma, kwa sababu ningekuwa simpendi ningeshamfukuza hapa na mwiko. Akauliza sasa shida iko wapi, niseme tu ninataka afanye nini, atafanya.

"Sitaki ufanye sababu ya miye," nilisema. "Ukifanya sababu ya miye, kesho tukigombana utarudisha. Wale wanawake si wa kwangu. Ni watu."

Shangazi Marcelline alikohoa. Wazee walikuwa wameanza kuongea kwa sauti ya juu.

Tukarudi. Safari hii nilienda na uso wazi, na hakuna aliyenifunika. Baba aliuliza tena, maneno yaleyale, ila sauti yake ilikuwa imechoka. Shangazi zangu walikuwa wamefunga midomo wananitazama kama ng'ombe aliyeingia kanisani.

"Hapana, baba. Leo musipokee."

Nilikuwa sijui kwamba neno dogo vile linaweza kukaa uani muda mrefu hivyo. Mama alifanya ishara ya msalaba. Baba alikaa chini polepole. Mzee Moussa, ambaye si mtu mbaya, niseme haki, alicheka kwa upole kama anayemtuliza mtoto. Alisema wasichana ndivyo walivyo, damu imepanda, itashuka. Akapendekeza mbuzi wabaki hapa hapa wamefungwa, vitu viingizwe ndani, na wao warudi Kasongo. Baada ya siku chache binti atapoa, na sisi wazee tutahesabu amekubali. Ndugu za baba wakaanza kuitikia kwa vichwa. Hata baba niliona anapata ahueni, kwa sababu hiyo ilikuwa njia ya kutoka bila aibu.

Watu wote wakamgeukia Faradji. Nami nilimgeukia. Na nitasema kilichokuwa moyoni mwangu: nilitaka abembeleze. Nilitaka apige magoti kwenye yale matope, alie, aseme hawezi kuondoka bila mimi.

Alisimama.

"Baba mudogo," alimwambia Mzee Moussa, "ameulizwa, amejibu. Tufungue mbuzi."

Mzee akamuuliza kama anajua anachokisema, kama amesahau njia ile waliyoipita, pikipiki zimezama mpaka kwenye viti, na gharama, na majirani kule Kasongo watakavyouliza. Faradji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua. Lakini amesema hapana."

Akainama akaifungua ile kamba kwenye mguu wa kiti yeye mwenyewe. Akampa baba mkono kwa mikono miwili. Halafu akamwendea shangazi Marcelline, akamwomba aingie ndani amuulize yaya Marguerite kama anaweza kusimama mlangoni tu, kwa nje, amwombe msamaha. Shangazi aliingia. Akatoka. Akasema hataki.

"Sawa," alisema Faradji. "Mumuambie nimesikia."

Akapita mbele yangu bila kuniangalia. Niliona shingo yake, ile shingo ninayoijua, imekaza. Vitenge vikarudi kwenye mifuko, chumvi ikafungwa nyuma ya kiti, mbuzi wakapakatwa wakipiga kelele. Kisha wakaondoka, na kelele za pikipiki zikapanda kuelekea misheni.

Niliingia chumbani kwa mama. Mama alinifuata mlangoni kunipa pole, akaanza kusema Mungu ameniepusha, na kwamba mtoto wa mkatekista bado hajaoa. Nikamwambia mama, tafadhali, niache. Akaniacha. Yaya alikuwa amekaa kitandani ameegemea ukuta, na lile jicho zima lilikuwa linanitazama kwa namna sikuipenda.

"Umemukataa sababu ya miye?"

"Ee."

"Miye nilikuomba?"

Nilifungua mdomo nikafunga. Hakuniomba. Hakuwahi hata kujua kwamba mchumba wangu ndiye yule kijana wa picha, mpaka alipochungulia kwa pazia akamwona amesimama uani na lile shati jeupe.

"Basi nimemukataa sababu yangu," nilisema. "Sitalala nyumba moja na mutu haulizi."

Yaya akasema hilo ni neno. Halafu akaniuliza, sasa ninalia nini? Maana kumbe nilikuwa nalia, machozi yananiingia mdomoni.

"Amekubali haraka. Hakunibembeleza hata kidogo."

Yaya Marguerite, na uchungu wake wote, akacheka mpaka akashika shavu lililovimba.

"Jeannette, weye uko na matatizo. Ulitaka akusikie, ao ulitaka akatae kusikia?"

Sikukaa. Siwezi kueleza ni nini kiliniinua, miguu ilikuwa inawaka. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita kwenye mihogo ya jirani, nikashika njia ya misheni na kitenge cha mahari mwilini, watu wananiangalia. Msichana kuwafuata wakwe aliowakataa, tangu lini? Nilisikia mmoja anamwita mwenzake aje aone. Sikugeuka. Nilijua watakuwa wamesimama kilimani, kwa sababu kila anayetoka Kabambare husimama pale, ndipo rezo inapatikana.

Walikuwa pale. Wazee wamekaa chini wanakula karanga, mbuzi wamelala kwenye majani. Hakuna aliyenisalimia isipokuwa Mzee Moussa, aliyenijibu shikamoo yangu kwa mguno. Faradji alikuwa juu ya jiwe, simu juu. Alishuka aliponiona. Shati lake halikuwa jeupe tena.

Hakuniuliza nimefuata nini. Alinigeuzia simu nione. Ukurasa haukuwapo, picha za wale wote, wa Kasongo, wa Wamaza, wote, hazikuwapo. Akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika, kwamba amewatumia ujumbe wale wa Goma. Amewaambia hakuna ukurasa mpaka azunguke amuulize kila mtu peke yake, pembeni, na atakayekataa asihojiwe. Nao wamemjibu papo hapo: basi, watatafuta mwingine.

"Kwa hiyo hauna kazi," nilisema.

"Sina."

"Faradji."

"Sikufanya ili ubadilishe jibu. Usifikiri hivyo."

Nikamwambia sifikiri hivyo. Na kweli sikufikiri. Upepo wa pale juu ulikuwa unapiga kitenge changu, na mimi nilikuwa namtazama huyu mtu mwenye matope kwenye mashavu, asiye na kazi, asiye na mke, aliyeaibishwa mbele ya ukoo wake kwa mdomo wangu, na moyo ulikuwa unanidunda mpaka masikioni. Sikuwahi kumtaka hivyo. Hata siku ile ya kwanza kwa Maître Octave.

"Niulize," nilisema.

"Nikuulize nini?"

"Kile baba aliuliza. Niulize weye mwenyewe, kwa mudomo wako."

Mzee Moussa aliacha kutafuna. Faradji alinitazama, na nikaona namna alivyotaka. Ilikuwa wazi machoni mwake, kwenye ile mikono aliyokuwa hajui aiweke wapi. Ndiyo yangu ilikuwa iko tayari, nilikuwa nimeishikilia kwa meno.

Akatikisa kichwa.

"Hapana, Jeannette. Leo umejibu. Nikikuuliza tena sasa, itakuwa kama sikusikia ile ya kwanza."

Sikuamini masikio yangu. Nikamwambia mimi mwenyewe ndiye ninayesema aniulize, si mama, si shangazi. Akasema anajua. Akasema atakwenda kwanza kwa wale wanawake, soko hadi soko, aombe radhi, awaulize. Na akimaliza atapanda njia hii tena, peke yake kwanza, bila mbuzi, asimame pale uani aulize.

"Na utajibu ile utataka," alisema. "Hata kama ni hapana tena."

"Na kama miye sitangoja?"

"Basi hautangoja. Sitakuhesabu umekubali."

Nilimchukia pale. Nilimchukia kwa dakika nzima, kwa sababu alikuwa na haki na mimi nilikuwa nimetembea kilima kizima na kitenge cha sherehe. Akavaa koti lake. Akapanda pikipiki, akamngoja baba yake mdogo akae vizuri nyuma na mbuzi wake mapajani. Hakunigusa hata kidole. Lakini kabla ya kuondoka alinitazama, muda mrefu, mpaka Mzee Moussa akamgonga bega. Halafu wakashuka upande wa pili, wakaanza kuingia kwenye miti.

Nilikaa juu ya lile jiwe nikawasikiliza mpaka sauti ikaisha. Nilipoteremka nilimkuta baba amesimama chini ya misheni, peke yake, fimbo mkononi. Alikuwa amenifuata taratibu bila kuniita. Alitazama macho yangu, akatazama miguu yangu iliyojaa matope.

Akaniuliza nilienda kufanya nini kule juu kwa watu niliowafukuza.

"Nilimupelekea ndiyo yangu, baba," nilisema. "Amekataa kuipokea mpaka aiombe."